Pua Ilipokimbilia Kushoto

Leseni yangu niliipatia kwenye Cessna 172, ndege ya gurudumu la pua, na kwa zaidi ya saa 100 miguu yangu ilikuwa abiria tu. Ile ndege inasamehe; ukisahau pedali za kugeuza pua, inajinyoosha. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kujifunza Piper Super Cub, yenye kigurudumu kidogo mkiani, nikadhani ni suala la kuzoea kiti kipya.

Siku ya tatu nilipata adabu. Tulikuwa kwenye kiwanja cha nyasi nje ya Arusha, upepo unatoka kushoto, mwalimu kakaa nyuma yangu. Nikasukuma leva ya mafuta yote kwa mpigo, nikasukuma na stiki mbele ili mkia uinuke. Pua ikakimbilia kushoto. Nikakandamiza pedali ya kulia na kuiganda hapo hapo. Ndege ikarudi katikati, ikapitiliza, ikaingia majani marefu upande wa kulia. Nikasikia mafuta yanakatwa. Tulisimama tukitazama tulikotoka, ncha ya bawa la kushoto imepakwa ukijani.

Mwalimu aliniambia pole, akateremka, akaitazama miguu yangu. "Kijana wangu, hayo mabuti unaendea mlimani?" Soli zilikuwa nene kama tofali.

Akaokota kijiti akachora vumbini. Rafadha ya ndege ile, ukiitazama kutoka kwenye kiti, inazunguka kama mshale wa saa. Upepo wake unauzunguka mwili wa ndege na kuupiga usukani wa mkia upande wa kushoto. Mkia ukiwa bado chini, upande wa kulia wa rafadha unavuta zaidi. Ukiuinua mkia ghafla, rafadha inafanya kama pia ya watoto iliyosukumwa: inageukia pembeni. Yote hayo yanaipeleka pua kushoto, na upepo wa siku ile, kwa kuupiga mkia, ulikuwa unaigeuza huko huko. Tena uzito wa ndege uko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo mkia ukishapata mwendo wa pembeni unataka kuipita pua.

(Michael Grzimek, yule Mjerumani mtafiti wa wanyama, alikuwa akirusha huko Serengeti ndege aina ya Dornier yenye milia ya pundamilia, nayo ya gurudumu la mkia. Ajali iliyomuua mwaka 1959 ilikuwa ya kugongana na tumbusi, si ya miguu mizito kama yangu.)

Nilinunua raba za soli nyembamba. Asubuhi mbili nzima hatukupaa kabisa, tulikimbia kiwanjani kwa nusu ya nguvu, mkia juu, mkia chini, huku sauti ya nyuma ikirudia: "Bonyeza, achia. Bonyeza, achia!" Hapo ndipo nilipokuwa nakosea. Kubonyeza nilijua, kuachia sikujua. Pua ikianza tu kurudi, mguu unatakiwa uwe umeshatoka.

Mafuta nikaanza kuyasukuma taratibu, nahesabu moja mpaka nne. Stiki nailaza upande wa upepo. Macho nikayatoa kwenye pua nikayaweka kwenye mgunga mmoja mwisho wa kiwanja, na mkia nikauacha uinuke kwa utulivu baada ya pedali kuanza kushika. Kigumu zaidi kilikuwa kukata mafuta mapema, pale mguu unaposhindwa kuirudisha pua. Aibu inakuambia endelea, labda itapaa yenyewe.

Baadaye tukahamia uwanja wa Kisongo. Lami inashika tairi, haikuachii uteleze kidogo kama nyasi. Na kwa kuwa uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, injini inachoka na unakimbia mbio zaidi kabla ya kuinuka, maana yake miguu ina kazi kwa muda mrefu. Nilisukuma, nikahesabu, mkia ukapanda, mstari mweupe ukabaki katikati ya magurudumu.

Nyuma kimya. Tulikuwa tumeshaanza kukata kona kuelekea upande wa Mlima Meru ndipo akasema: "Tumeshapaa, baba. Pumzisha miguu."