Siku moja maishani mwangu: moto wawashe wao, moshi niueleze mimi

Saa 11 alfajiri

Kabla ya chai naangalia ramani ya moshi kwenye simu, ile ya AirNow, ambayo huonyesha hata vipimo vidogo ambavyo watu wamevifunga kwenye kuta za nyumba zao. Missoula yote kijani. Kwa leo hiyo ni habari njema na mbaya pia, maana hewa ikiwa safi hivi mwezi wa Aprili, watu wa msitu hawakai bure: huwasha moto wao wa kupunguza kuni msituni, usije moto mkubwa wa kiangazi.

Kwa asiyepajua: Missoula ni mji wa bondeni katika jimbo la Montana, Marekani, umezungukwa na milima na mto Clark Fork unapita katikati. Tangu 2016 familia nyingi za Kikongo zimeletwa kuanza maisha hapa, na wengi wetu tulipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Masika na vuli, sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaeleza watu wangu kuhusu moshi wa moto huo unaowashwa kwa makusudi.

Saa 2 asubuhi

Kikao cha simu. Ofisa wa msitu anatuambia ruhusa imepatikana. Montana na Idaho zina kundi moja linaloratibu uchomaji, na mtaalamu wake wa hali ya hewa akiona hewa haitapanda vizuri, anaweza kukataa hata kama kikosi kimeshajipanga. Leo amekubali. Moto utawashwa saa 6 mchana, upepo utausukuma moshi mashariki.

Kisha nasomewa tangazo la kutafsiri: moshi utaonekana, msipige simu ya dharura. Basi. Tangazo hilo linalinda laini ya simu. La mapafu halikusemwa.

Nikaandika langu, nikalirekodi kwa sauti na kulituma kwenye kundi la WhatsApp la jamii, kwa sababu mama zetu wengi husikiliza kuliko kusoma:

"Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Moshi mtakaouona mlimani leo umewashwa na watu wa msitu, nao wako palepale na maji. Hakuna anayehama. Mchana moshi utapanda, usiku utashuka kwetu. Fungeni madirisha kabla jua halijazama, myafungue kesho hewa ikishasafika. Mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, mzee na mtoto mdogo wasikae nje jioni."

Maneno "hakuna anayehama" nimeyaweka kwa makusudi. Mtu aliyekimbia vita Fizi, mashariki ya Kongo, akiona moshi umefunika kilima, haanzi kuuliza kuhusu chembechembe za moshi. Anatafuta karatasi zake na watoto wake.

Saa 4 asubuhi

Naenda kwa mama mmoja mwenye kijana wa miaka tisa mwenye pumu. Nimebeba feni ya mraba, kichujio cha hewa cha inchi 20 kwa 20 cha daraja la MERV 13, linalonasa chembe ndogo za moshi, na tepu. Tunakibandika kichujio nyuma ya feni, mshale wake ukielekea kwenye feni, tunaziba kingo zote. Chumba cha kulala cha mtoto ndicho kitakuwa chumba cha hewa safi. Mlango ufungwe. Usiku huu hakuna kukaanga samaki wala kuchoma ubani.

Mama ananitazama nikihangaika na tepu, anacheka. "Wewe, si tulipika kwa kuni Nyarugusu? Na kila kiangazi pori linachomwa. Mbona hatukufa?"

Mama, wengine walikufa, nikamwambia, ila hakuna aliyeandika kwamba ni moshi. Hakucheka tena, nami sikutaka kumtisha, kwa hiyo nikamweleza polepole. Chembe za moshi tunazozihofia ni ndogo kuliko mikromita 2.5, unywele mmoja ni mnene kuliko chembe hiyo karibu mara thelathini. Pua haizizuii. Zinafika chini kabisa ya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu. Mtu mzima mwenye afya atawashwa macho na koo, kesho yamepita. Kijana wake anaweza kubanwa kifua usiku huohuo. Akauliza kama kitambaa chenye maji kinasaidia. Hakisaidii, wala barakoa ya kitambaa. Barakoa ya N95 inasaidia ikikaa vizuri usoni, lakini kwa mtoto mdogo mara nyingi haikai.

Tukahakikisha inhela ina dawa na haijapitwa na tarehe. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, hapo ni 911, simu ya dharura, bila kuniuliza mimi kwanza.

Saa 7 mchana

Nala wali wangu ndani ya gari, nikitazama mlimani. Moshi mweupe umesimama wima, unapinda juu sana. Mtaalamu alisema kweli.

Misonobari ya ponderosa ina gome nene, imezoea moto mdogo wa chini unaopita mara kwa mara. Wasalish, wenyeji wa asili wa hapa, walikuwa wakichoma nyika na misitu hii kabla serikali haijafika. Kisha ukaja moto wa Agosti 1910, ulioteketeza takriban eka milioni 3 Idaho na Montana kwa siku mbili, na baada ya hapo moto ukawa adui. Mwaka 1935 Idara ya Misitu iliagiza kila moto uzimwe kufikia saa 4 asubuhi ya siku inayofuata. Kuni zikalundikana msituni miaka na miaka.

Matokeo yake waulize watu wa Seeley Lake, kaskazini-mashariki ya hapa. Mwaka 2017 moto wa Rice Ridge uliwafukiza wiki saba hivi. Wastani wa chembe ulizidi mikrogramu 200 kwa mita ya ujazo, wakati kikomo cha Marekani kwa saa 24 ni 35. Chuo Kikuu cha Montana kilipowapima wakazi mwaka uliofuata, wenye mapafu yanayofanya kazi chini ya kawaida walikuwa wengi zaidi kuliko walipopimwa mara ya kwanza, moto ulipokuwa unaisha.

Kwa hiyo naukubali moto wa Aprili. Nisichokubali ni kuwaambia watu kwamba moshi wake ni mzuri. Chembe ni zilezile, tofauti ni wingi na muda.

Saa 10 jioni

Kocha wa watoto anapiga simu: wacheze au wasicheze? Namba ya ubora wa hewa kwenye ramani (AQI, si mikrogramu) iko 40, wacheze, ila wamalize mapema. Ikipita 100 wenye pumu wapumzike, ikipita 150 mpira uingie ndani.

Saa 1 usiku

Kanisani, mazoezi ya kwaya. Nasimama dakika chache, naeleza kwa nini usiku ndio mbaya: ardhi inapoa, hewa baridi inatulia bondeni, ya joto inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, na moshi wa vigogo vinavyoendelea kufuka unabaki humu na sisi.

Mzee mmoja akanyanyua mkono. "Mwanangu, wakiwasha wao, kwa nini nijifungie mimi? Na hiyo feni nainunua kwa pesa ya nani?"

Kwaya nzima kimya. Nikamwambia mzee, hilo sina jibu lake, lakini nitalipeleka kwa mwenye kiberiti. Akasema, "Lipeleke leo."

Saa 4 usiku

Ramani imekuwa ya njano, upande wa chini karibu na mto imefika rangi ya chungwa, yaani namba imepita 100. Mama wa asubuhi ametuma ujumbe: mtoto amelala, feni inanguruma, yeye ndiye hapati usingizi kwa kelele.

Nimemwandikia ofisa wa msitu swali la mzee, neno kwa neno. Nikaongeza ya kwangu: tangazo lije siku moja kabla, lenye saa, na vichujio vigawiwe kabla ya moto. Amejibu usiku huohuo. Feni ziko chache stoo ya ofisi ya jirani, anataka orodha ya nyumba. Naiandika sasa, nikianza na wenye pumu na wazee wanaoishi peke yao. Mzee wa kwaya yumo, ingawa nina hakika ataiuliza hiyo feni umeme wake unalipwa na nani.