Nilivyotumia darasa la jioni kuhifadhi ujuzi wa ofisi yetu

Ninaendesha ofisi ndogo ya uwakala wa forodha Dar es Salaam, na jioni hufundisha chuoni somo la biashara ya kimataifa kama mhadhiri wa muda. Ofisini, ujuzi wa kuainisha bidhaa, yaani kuipa kila bidhaa namba ya forodha inayoamua ushuru wake, ulikuwa kichwani mwa mzee mmoja anayekaribia kustaafu, ambaye kila alipoombwa kuandika anayoyajua alijibu kwamba mambo hayo huonekana mzigo ukiwa mbele yako.

Wataalamu wa usimamizi kutoka Japani, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, walieleza mwaka 1995 kwamba ujuzi wa aina hii huhama watu wanaposhirikiana, kisha hupata maneno katika majadiliano. Kwa hiyo nilimwalika mzee darasani, si kutoa mhadhara, bali kuulizwa. Niliwagawia wanafunzi ankara ya shehena ya sehemu za baiskeli, nikiwa nimefuta jina la mteja na bei. Wengi walikimbilia kifungu 8714 cha orodha ya ushuru, yaani cha vipuri. Mzee akawaambia wahesabu: fremu 120, magurudumu 240, usukani 120.

“Sasa, wanangu, hivi ni vipuri au ni baiskeli zilizofunguliwa?”

Kanuni ya 2(a) ya uainishaji inataka bidhaa iliyofunguliwa na kuletwa pamoja ihesabiwe kama nzima, yaani kifungu 8712, cha baiskeli. Binti mmoja akauliza: je, minyororo isipokuwepo? Ili kumjibu, mzee alieleza kwa kirefu anavyopima iwapo kilichopo kinabeba sifa ya msingi ya kitu kizima, jambo ambalo sisi tuliofanya kazi naye miaka mingi hatukuwahi kumsikia akilitamka, kwa kuwa hakuna mwenye uzoefu anayethubutu kuuliza swali rahisi hivyo.

Kijana wa ofisi aliyekuwa akiandika alimsomea mzee maelezo hayo kesho yake, akasahihishwa, ndipo yakaingia kwenye daftari: bidhaa, utata, hoja, uamuzi na aliyeamua. Thamani iko kwenye hoja. Uamuzi peke yake mtu huunakili bila kuelewa kitu. Kila ukurasa una tarehe, maana Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki hubadilika, kama Julai 2022 ulipoongezwa kiwango cha asilimia 35 pamoja na vile vya 0, 10 na 25 vilivyokuwepo.

Namna ya kuzungumza na mteja mwenye hasira hatujaweza kuiandika. Hiyo mzee huifundisha kwa kufuatana na kijana bandarini.