Aliyeshindwa Anarudi kwa Nani?

Mkanda wangu ulikuwa umefunguka na kuanguka, na yule kijana wa Bagira, aliyekuwa amenitupa chini sekunde chache tu kabla, aliuokota, akaukunja mara mbili, akanipa kwa mikono miwili kama mtu anayempa mkwewe kitu. Nilikuwa na miaka 15. Tulikuwa kwenye pambano la judo katika ukumbi mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambao sakafu yake ilikuwa maranda ya mbao yaliyofunikwa kwa turubai, na mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa kelele iliyomlazimu mwamuzi kutumia mikono zaidi ya sauti. Niliupokea ule mkanda bila kumtazama aliyenipa, nikageuka, nikaanza kuondoka. Mwamuzi aliniita kwa kidole nirudi niiname. Nilirudi, nikatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi, kisha nikaondoka tena.

Waliokuwepo walisema kwamba sina adabu, na hawakukosea. Hata hivyo, hakuna aliyejiuliza nilikuwa nikienda kwa nani. Pembeni alinisubiri mwalimu wangu, ambaye tulimwita Metre kama wanavyoitwa walimu wote wa judo mjini kwetu, na tangu nilipoanguka alikuwa akipiga ukuta kwa ndala yake. Nilijua kinachofuata: kupiga magoti juu ya changarawe nyuma ya ukumbi, huku wenzangu wakipita na kunicheka, mpaka yeye mwenyewe achoke kunitazama. Ndivyo ilivyokuwa siku hiyo. Na jambo la ajabu ni kwamba, kwa majuma mengi baadaye, sikumchukia Metre. Nilimchukia yule kijana wa Bagira na ukunjaji wake wa mkanda.

Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi kila ninaposoma watu wakijadili heshima kati ya wapinzani katika michezo ya mapigano, kwa sababu karibu wote huwatazama wapiganaji wawili tu: nani aliinama, nani alikataa kutoa mkono, nani alimtukana mwenzake siku ya kupima uzito. Mimi siku hizi macho yangu huenda kwanza pembeni, kwa yule anayempokea aliyeshindwa.

Kuinama kwenyewe si jambo dogo. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alitaka mchezo wake ufundishe mambo mawili, yaani kutumia nguvu kwa njia iliyo bora kabisa, na pia mimi na wewe tunufaike pamoja. Hilo la pili ndilo lililo ndani ya kuinama. Katika mazoezi unamwazima mwenzako mwili wako ili ajifunze kuutupa, naye anakuazima wake, na asiyepata mtu wa kumtupa hawezi kujifunza chochote, hata awe na nguvu za nyati. Wazazi wengine hapa mjini huuliza kama watoto wao wanasujudu miungu ya Wajapani. Mimi huwajibu kwamba ni sawa na kusema "asante kwa mkopo" kabla na baada ya kukopa, na wengi hucheka wakaridhika.

Lakini mtu anayejua kwamba kushindwa kutamletea adhabu hawezi kuona mkopo wowote. Anachokiona mbele yake ni mtu aliyekuja kumsababishia mateso.

Mwaka 2016 nilitazama Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro kwa hamu isiyo ya kawaida, kwa sababu katika timu ya wakimbizi, iliyoshiriki kwa mara ya kwanza, walikuwemo wanajudo wawili waliozaliwa Bukavu, Popole Misenga na Yolande Mabika. Wote wawili walikuwa wamefika Rio mwaka 2013 kuiwakilisha Kongo katika mashindano ya dunia, wakabaki huko na kuomba hifadhi. Misenga ameeleza kwamba, alipokuwa akishindwa, kocha wake alimfungia kwa siku kadhaa, chakula chake kikiwa kahawa na mkate tu. Niliposoma maneno hayo nilihisi changarawe magotini.

Huko Rio, Misenga alimshinda Avtar Singh wa India katika pambano lake la kwanza, kisha akakutana na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa uzito wao. Alishindwa. Na watazamaji wa Brazili, ambao walikuwa wamempigia kelele tangu alipoingia, waliendelea kumshangilia kana kwamba ndiye aliyeshinda. Nilijiuliza kama hiyo ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake ya judo alipotoka kwenye mkeka akiwa ameshindwa na asiwe na cha kuogopa.

Siku mbili baadaye, kwenye michezo hiyohiyo, Mmisri Islam El Shehaby alishindwa na Mwisraeli Or Sasson, akakataa kumpa mkono. Mwamuzi alimrudisha ainame, naye akatikisa kichwa mara moja akaondoka huku watu wakizomea. Ulimwengu mzima ulimsema, akarudishwa nyumbani kabla ya michezo kumalizika. Sitetei alichokifanya, mwamuzi hakukosea kumrudisha, kama yule wa Kadutu hakukosea kunirudisha mimi. Lakini nilipokiona kile kichwa kilivyotikisika nilikitambua mara moja. Sijui alikuwa amebeba nini mgongoni, ila najua jinsi shingo inavyokuwa ngumu mtu anapojua kwamba kuna macho ya watu wake yanayosubiri kumhukumu.

Tunapozungumzia mambo haya, wazee wetu hukimbilia Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, pambano la ndondi kati ya Muhammad Ali na George Foreman, raundi ya 8, pale Foreman alipokuwa akianguka huku akizunguka, na Ali, mkono wa kulia ukiwa tayari, akauzuia asimpige tena. Ni picha nzuri, sikatai. Ila mimi huwaambia wasogee mbele karibu mwaka mmoja, hadi Manila, tarehe 1 Oktoba 1975. Kabla ya pambano hilo Ali alikuwa amemfananisha mpinzani wake, Joe Frazier, na sokwe, tena hadharani, mara kwa mara, na Frazier alilibeba neno hilo kwa miaka mingi. Kwa hiyo tusitafute adabu kati yao wawili. Mtafute Eddie Futch, mkufunzi wa Frazier. Baada ya raundi 14, Frazier akiwa amevimba macho na karibu haoni, Futch alikataa kumruhusu aingie raundi ya mwisho. Frazier alibisha, naye Futch akamkalisha kwa maneno ya upole, akimwambia kwamba watu hawatasahau alichokifanya siku hiyo. Ubingwa wa dunia ulikuwa umebakiza dakika 3, na huyu mzee akauacha uende ili mtu wake arudi nyumbani anaona. Katika historia yote ya ndondi, sijui kitendo cha heshima kinachokishinda hicho.

Siku hizi, Jumamosi, huwa nawasaidia watoto katika ukumbi mwingine, wenye tatami za kweli, yaani mikeka ya judo, ingawa zimechanika pembeni. Metre sasa ni mimi, jambo ambalo bado linanichekesha. Nimegundua kwamba mtoto akianguka, kabla ya kumtazama aliyemwangusha, kabla hata ya kutafuta mkanda wake, hunitazama mimi. Ni kitambo kifupi sana. Jumamosi iliyopita mvulana wa miaka 9 alitupwa vizuri mno, mgongo wote chini, na ukumbi mzima ukasikia mlio. Alinitazama. Nilikuwa nikimenya ndizi, nikaendelea kuimenya. Akainuka, akaivuta kimono yake, vazi la judo, iliyokuwa imemtoka begani, akainama mpaka nywele zake zikakaribia kugusa magoti ya mwenzake, kisha akanijia mbio kuuliza kama atapata zamu nyingine kabla mvua haijaanza.