Anayekoroma Ni Mbwa, Mama

Mara ya kwanza mama aliposikia mkoromo kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza taratibu: "Mwanangu, umeolewa bila kutuambia?"

Mimi nilikuwa Frankfurt, yeye Uyole, Mbeya, na aliyekuwa anakoroma ni Bobu, mbwa wangu aina ya pagi. Nikageuza kamera. "Haa! Pua yake wameipeleka wapi?"

Disemba iliyopita nilipanga kuja naye Mbeya. Hata kipimo cha damu cha kinga ya kichaa cha mbwa nilishalipia mapema, maana ukikifanyia Tanzania unasubiri miezi mitatu ndipo umrudishe Ulaya. Kikwazo kikawa kilo. Ndege nyingi ukikaa na mbwa kwenye kiti mwisho ni kilo 8, pamoja na begi lake. Bobu peke yake ana 9. Kwa hiyo aende chini, kwenye mizigo.

Daktari wa mifugo hakubishana nami. Alimfungua Bobu mdomo tu, akamulika. Watu wamefupisha fuvu kizazi baada ya kizazi, lakini nyama za ndani zimebaki vilevile, kwa hiyo kaakaa laini, ile nyama ya juu nyuma ya mdomo, limejaa hadi kooni na tundu za pua ni kama mkato wa wembe. Na mbwa hajipozi kwa jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Huyu akihema sana koo linavimba, hewa inapungua, naye anazidi kupata joto. Kumbe ule mkoromo niliokuwa nawarekodia marafiki tucheke, ni mnyama anayehangaika kupata hewa.

Nikasema basi mpe dawa ya usingizi alale hadi afike. Akakataa katakata: dawa inalegeza koo na kushusha presha, na kule chini hakuna wa kumtazama. Kati ya 2005 na 2010 mashirika ya ndege ya Marekani yaliripoti vifo vya mbwa 122. Karibu nusu walikuwa wa pua fupi, na buldogi wa Kiingereza ndio waliongoza. Mashirika mengi siku hizi hayawapokei kabisa kwenye mizigo.

Nikawaza kizimba kimewekwa juani uwanjani Dar, Disemba ile, kikisubiri ndege ya Songwe, uwanja wa Mbeya. Nikamwachia jirani.

Uyole nilipokewa na mvua, na Simba, mbwa koko wa mama mwenye pua ndefu kama kijiko cha ugali. Usiku huo nilishindwa kulala. Saa nane nikachukua tochi, nikatoka. Simba alikuwa amejikunja barazani, pua kaifukia chini ya mkia, kimya kabisa. Nikainama kuweka mkono ubavuni mwake.

"Unatafuta nini huko na baridi hii?" mama akauliza kutoka ndani.

"Naangalia kama anapumua, mama."