Tenga lisiposubiriwa: kurudia kutuma data kwa setilaiti

Mama yangu mdogo hununua nyanya sokoni Mbuyuni, hapa Moshi, na kumpelekea mteja wake wa soko la Kilombero, Arusha, kwa gari la alfajiri. Matenga ni yake na yako 16 tu, na tenga likishaondoka hawezi kulipakia tena mpaka konda alirudishe likiwa tupu, pamoja na habari kwamba nyanya zimefika salama au zimepondeka. Kwa kilomita 80 hivi utaratibu huo haumsumbui. Mteja angekuwa Mwanza, mama mdogo angeshinda siku nzima na nyanya mikononi bila chombo cha kuzitia.

Mfano huo umenisaidia sana tangu nilipoanza kuandika programu ya kuigiza mtandao wa simu unaopitia angani. Simu za kizazi cha tano hurudia kutuma data kwa utaratibu uitwao HARQ, ambamo kila kifurushi hushika mchakato mmoja, na mchakato huo haupokei kifurushi kipya mpaka ijulikane kama kilichotangulia kimesomeka. Kisiposomeka, mpokeaji hakitupi, bali hukihifadhi na kukijumlisha na nakala inayofuata, na mara nyingi nakala mbili mbovu hutoa ujumbe mmoja mzima. Hapo mfano wa mama mdogo unaniangusha, kwa sababu matenga mawili ya nyanya zilizopondeka hayajawahi kutoa tenga moja zima.

Mnara ukiwa kilomita chache kutoka ulipo, jibu hurudi upesi na michakato 16 ya viwango vya awali inatosha. Setilaiti iliyo kilomita 600 juu huivuruga hesabu hiyo. Ikiwa kazi yake ni kupokea mawimbi na kuyashusha kwenye kituo cha ardhini, data pamoja na jibu lake hulivuka anga mara nne. Setilaiti ikiwa utosini pa simu na pa kituo, jumla ni kilomita 2,400, sawa na milisekunde 8. Ikiwa inachungulia nyuzi 10 tu juu ya upeo, kila mvuko hufika kilomita 1,932 na jumla hukaribia milisekunde 26. Anayetuma kifurushi kimoja kila milisekunde atakuwa amemaliza michakato 16 huku jibu la kwanza likiwa bado njiani, na masafa ya redio yaliyolipiwa fedha nyingi yatakaa bure kwa milisekunde 10.

Toleo la 17 la viwango vya 3GPP, ushirikiano wa kimataifa unaoandika viwango vya mitandao ya simu, lililokamilishwa mwaka 2022, liliruhusu michakato 32, na kwa setilaiti hizo za karibu shida ikapungua sana. Ile ya kilomita 35,786, inayoonekana kama imetundikwa mahali pamoja, huhitaji hadi milisekunde 541, na michakato 32 hujaza takriban asilimia 6 tu ya muda huo. Kuongeza michakato mpaka itoshe hakuwezekani kirahisi, kwa kuwa kila mmoja hudai kumbukumbu ya kuhifadhi nakala mbovu ndani ya simu.

Ndiyo maana viwango vinaruhusu jambo lililonishtua mwanzoni: mtandao unaweza kuzima majibu ya mchakato huu na kuyaacha ya ule. Wapo wanaolisoma jambo hilo kama kuuacha uhakika. Mimi naona umehamishwa tu. Kifurushi hutumwa kikiwa na kinga nzito zaidi ya usimbaji, yaani biti za ziada za kurekebisha makosa, au hurudiwa mfululizo bila kuombwa, na kikipotea hata hivyo, tabaka la programu lililo juu ya HARQ, liitwalo RLC, huona pengo katika namba na kudai kipande kilichokosekana. RLC huchelewa kuligundua pengo hilo, tena haijumlishi nakala mbovu, kwa hiyo anayepanga zamu za kutuma lazima ajue anayemhudumia ni nani. Sauti ya kiongozi wa wapanda mlima anayeomba msaada kutoka kambi ya Barafu, Kilimanjaro, haiwezi kungoja nusu sekunde zaidi ili silabi moja irudiwe, ilhali ujumbe wake mfupi unaotaja hali ya mgonjwa na mahali alipo unaweza kungoja sekunde mbili, mradi usipotee.

Hilo nilijifunza kwa kukosea. Usiku mmoja nilizima majibu ya michakato yote 32, kasi ikapanda kwenye mchoro mpaka nikamwita mke wangu aje aone. Asubuhi nikakuta simu moja kati ya 20 nilizoziiga iko kimya. Amri ya kubadilisha mpangilio wake wa redio ilikuwa imepotea ndani ya mchakato usio na jibu. Mtandao uliamini simu imekwisha kubadilika, simu ikabaki na mpangilio wa zamani, na kila upande ukawa unamngoja mwenzake. Amri za aina hiyo huanza kutumika baada ya muda unaohesabiwa tangu simu itume jibu la kupokea, hivyo pasipo jibu hesabu haina pa kuanzia. Sasa michakato miwili naiacha na majibu yake, kwa ajili ya amri peke yake, hata kama inakaa bila kazi karibu muda wote.

Kosa la pili lilihusu usingizi. Simu hulala wakati jibu liko njiani ili kutunza betri, na muda huo wa kulala hufuata umbali wa setilaiti, ambao simu huukokotoa kwa kujua mahali ilipo na kwa taarifa za njia ya setilaiti zinazotangazwa na mtandao. Mimi, kwa uvivu, nilikuwa nimeandika milisekunde 26 kwa setilaiti ya karibu na kuendelea na mambo mengine. Setilaiti ilipofika utosini, nakala ya pili iliwasili ikaikuta simu bado imelala. Jana jioni niliifuta namba hiyo na kuweka hesabu ya umbali mahali pake, na setilaiti ilipopita tena simu zote 20 ziliamka kwa wakati.