Mpaka ngapi?

Juzi jioni kitinda mimba wangu kaniletea baiskeli yake, tairi la nyuma limelala kabisa, tukatoa ile pampu ya mguu, yeye kashikilia mpira kwenye vali mi nakanyaga, katikati ya kukanyaga akauliza, "Baba, mpaka ngapi?" Nikabaki na mguu hewani kama korongo. Mtu mwingine aliyewahi kuniuliza hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, ni shemeji, tumechuchumaa pembeni ya lami, na jibu nililompa siku ile lilitula tairi zima na nusu siku.

Ilikua safari ya gari, tenti juu ya keria. Watu wanne, maji lita 120 (hizo ni kilo 120, mtu mzima na nusu, ila ukiziona kwenye madumu huwazi hivyo), dizeli ya akiba, jiko, mabegi, na karibu vyote vimekaa nyuma ya ekseli. Asubuhi tulipita mchanga wa mto mkavu na hapo shemeji alikua sahihi na akahakikisha wote tunajua kua yuko sahihi: akashusha upepo mpaka 18 PSI (kipimo cha mgandamizo wa upepo, ndo namba zote za geji humu) kila tairi, maana tairi likilegea unyayo wake unarefuka kwenda mbele na nyuma, uzito unatawanyika, gari linaelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Tukavuka taratibu bila kukata kona kali, tairi lisije likachomoka kwenye rimu. Safi kabisa.

Shida ilikua kurudisha. Tulikua na kale kakompresa ka kubana kwenye betri, kanapiga kelele kama kanapeta mawe, kila tairi unasubiri weee, jua linapanda. Yalipofika 28 shemeji akasema yanatosha, tairi laini linabembeleza springi. Zote nne, 28, mbele na nyuma sawasawa, gari limebeba nyumba. Moyoni nlijua nyuma ilitakiwa izidi ila kakompresa kalishaanza kunuka na mi mwenyewe nlikua na njaa ya kuondoka.

Saa nzima tukaenda na spidi ya 90. Mkia ulikua unacheza kila tukipishana na lori, shemeji anasema ni upepo wa njiani. Halafu ikaja harufu, ya mpira, ile ya kandambili iliyoachwa karibu na moto. Tukasimama.

Hapa ndo pananirudia. Nikaweka kiganja kwenye ubavu wa tairi la mbele, moto, ila unavumilika, unaweza kuhesabu mpaka kumi. Nikaenda la nyuma kushoto, nikakitoa mkono hapo hapo kama nimeshika sufuria. Nikaleta geji: mbele 32, nyuma 37. Shemeji akaangalia ile 37 akanyanyua mikono, "Si unaona sasa! Upepo umezidi. Joto limeujaza. Tutoe, shem." Na mnielewe, pale kando ya barabara ile hoja ilikua inaingia akilini kabisa. Tairi lina moto, geji inasema upepo umeongezeka, sasa utafanya nini zaidi ya kupunguza? Akafungua kifuniko cha vali, akakitia mdomoni kisipotee, akabonyeza kipini kwa ncha ya ufunguo, na ile hewa ilivyotoka ikanipiga usoni, ya moto, nzito, kama pumzi ya mtu mwenye homa. Dada, ambaye ni mwalimu na ana sauti ya mwalimu, akatoa kichwa dirishani, "Nyie wawili, si hayo hayo mlikua mnahangaika kuyajaza asubuhi?" Hakuna aliyemjibu. Shemeji akaniuliza, na kifuniko mdomoni, "Mpaka ngapi?"

"Ishirini na nane," nikasema. "Tulikoanzia."

Sijui kwa nini nlilisema kwa uhakika vile. Nlikua nimeinama, macho yako chini pale tairi linapokutana na lami, na pembeni yake kulikua na kijiwe, kidogo tu, kama punje ya harage. Upepo ulivyokua unatoka ule ubavu ukawa unatuna kwa chini, polepole, kama tumbo la mtu anayekaa baada ya kula, na nikaona kile kijiwe kinamezwa. Kwanza nusu, halafu chote. Nikakiona kabisa kinaingia chini ya mpira. Nikakaa kimya, nikasoma geji, 28, nikasema poa, shemeji akatema kifuniko akakirudisha.

Hesabu yenyewe sasa hivi naijua ila haisaidii kitu. Gari halibebwi na mpira, linabebwa na hewa iliyobanwa ndani, ikipungua kwa uzito ule ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, na kule kujikunja ndo kunazaa moto. Kwa gari zito la aina ile, upepo ukipanda kama 6 hivi kutoka baridi mpaka moto unakua umepatia. Ukipanda 9, tairi linakwambia ulianza chini mno, yaani linaomba upepo. Sisi tukaupunguza. Ile 28 ya moto, tairi lingeachwa lipoe, ingesoma kama 20 tu, karibu na ya mchangani, na sisi tunarudi kwenye spidi ya 90.

Dakika ishirini nyingi. Pwaa, mkia ukavuta kushoto, shemeji akashika usukani vizuri, hilo nampa, hakukanyaga breki ya ghafla, gari likajifia lenyewe pembeni. Jeki ilikua chini ya kila kitu. Tulishusha maji, tukashusha jiko, tukashusha mpaka vile vitu mke wangu alisema tusibebe, naye akawa anavihesabu kwa sauti. Ubavu wa tairi ulichanika mzunguko mzima kama mkanda wakati meno yake mapya kabisa, yana zile nywele nywele za kiwandani.

Kesho yake alfajiri, tairi zimepoa, ndo tukafanya kazi ambayo ilitakiwa ifanyike kabla hatujatoka nyumbani. Dada akafuta tope kwenye nguzo ya mlango wa dereva na chini yake kukawa na stika, na picha kabisa ya mtu na mabegi kwa wasiojua kusoma kama sisi: ukipakia, mbele 33, nyuma 42. Shemeji akasema ile stika ni ya tairi la kiwandani, hizi zetu ni kubwa zaidi. Kweli tupu, na iliniuma kua ni kweli. Basi dada akatoa chaki kwenye mkoba (anatembea na chaki likizo, msiniulize), tukachora mstari kukata meno ya kila tairi toka ukingo mpaka ukingo, tukaenda mbele kidogo moja kwa moja, tukashuka kuangalia. Mbele ambako tulitia 36 chaki ilifutika katikati tu, maana yake tumezidisha, tukashusha mpaka 33. Nyuma kwa 42 ilifutika sawasawa. Baada ya saa moja barabarani nikapima tena nyuma: 47. Imepanda tano. Nikaweka kiganja kwenye ubavu na nikakiacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baadae nlilipitisha gari kwenye mizani, ekseli moja moja, na mzigo ule ule: mbele kilo 1,190, nyuma 1,860. Nikampigia shemeji kumsomea. Akanyamaza, halafu akasema, "Lakini lile jiwe je?" Maana msimamo wake mpaka leo ni kua tulikanyaga jiwe. Na ubavu ule ulikua kweli na mkato mmoja mfupi, msafi, ambao haukufanana na michaniko mingine. Mi kile kijiwe cha punje ya harage sijawahi kumwambia.

Sasa nimesimama na pampu, mtoto anasubiri. Kaona namba kwenye ubavu wa tairi lake kabla yangu, "Baba, imeandikwa 65!" Nikamwambia hiyo ni ya mwisho kabisa, usiifike, we mdogo, uzito wako kama gunia la mkaa nusu. Tujaze mpaka ukibonyeza kwa kidole libonyee kidogo.

Akabonyeza. Akafikiri.

"Kidogo kiasi gani?"