Nilivyobadilisha cheni ya taimingi ya Benz ya mzee, baada ya kula hasara mara mbili

Juni hapa Mbeya, ukimwona mtu saa kumi na mbili asubuhi yuko nje na birika la maji ya moto akimwagia injini ya dizeli, mpe pole tu. Mwaka jana mtu huyo nilikuwa mimi. Gari ni Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1980, ile W123 yenye silinda nne, ambayo baba aliinunua kwa pesa ya kahawa huko Mbozi na baadaye akaniachia. Kwa miaka yote aliyokuwa nayo sikumbuki kuona ikisukumwa. Kwangu ilisukumwa mpaka watoto wa mtaani wakaizoea: wakisikia starta inalia bure, wanakuja wenyewe.

Dalili zilianza polepole. Asubuhi inakataa, ikikubali inatoa moshi mweupe unaofunika geti. Ikipata moto inatulia, lakini nguvu hamna. Kutoka Uyole kupanda Isyonje nilikuwa naweka gia ya pili na kuomba Mungu. Nikaipeleka gereji. Wakabadilisha hita plagi zote nne, zile zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha. Wiki mbili mbele nikarudi, wakasema nozo, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Nozo nazo zikafanyiwa kazi, laki mbili na ushee ikatoka, fundi akacheza pia na pampu, moshi ukapungua kidogo nikarudi nyumbani nimefurahi. Ubaridi ulipokolea, tukarudi palepale kwenye birika.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa mtaa wa Soweto hapahapa Mbeya aliyestaafu ufundi, ambaye siku hizi anafuga kuku. Nilimfuata kwa unyonge. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Hilo ndilo la marehemu? Washa." Akasimama mbele ya gari, kichwa kimeinama, kama anayesikiliza mtu anayenong'ona. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Cheni mmeipima?"

Alimaanisha cheni ya taimingi, inayounganisha krankishafti (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) na kemshafti (shafti ya juu inayofungua valvu) ili ziende pamoja. Kuipima hakuhitaji mashine yoyote. Tulifungua kava la valvu, tukaweka soketi ya 27 kwenye boliti ya krankishafti, tukazungusha injini taratibu upande ule saa inakozungukia. Hapo mzee alikuwa mkali: ukipitiliza alama usirudishe nyuma, zunguka tena mizunguko miwili mizima, kwa sababu ukirudisha cheni inalegea upande usiotakiwa na kipimo kinakudanganya. Mbele ya kemshafti kuna kijialama, na kwenye mhimili wa kwanza unaoishikilia kuna mstari. Vikikutana, unashuka kusoma puli ya krankishafti, ambayo ina digrii zimechorwa pembeni. Cheni ikiwa nzima, utasoma sifuri au karibu yake. Mimi nililala chini na tochi ya simu, nikafuta tope kwa kitambaa chenye dizeli, nikasoma 11.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Kumi na moja.

Maana yake ni kwamba kemshafti ilikuwa nyuma ya pistoni kwa digrii 11, valvu zinafunguka zimechelewa na zinafunga zimechelewa. Na kwa kuwa cheni hiyohiyo ndiyo inayozungusha pampu ya dizeli, mafuta nayo yanachelewa kuingia. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Valvu ikichelewa kufunga, hewa inayobanwa inapungua, na kwenye baridi ya Mbeya ndiyo basi tena. Watu husema cheni imevutika. Haivutiki kama mpira. Kila pini inalika unywele mmoja, na pini ni nyingi. Oili iliyojaa masizi ndiyo inayozisaga, na mimi oili nilikuwa nabadilisha nikikumbuka.

Kwa tofauti ya digrii chache kuna vijichuma maalumu vilivyopindwa, vinavyoshikanisha kemshafti na gurudumu lake la meno, vya kurekebishia. Mzee alitikisa kichwa: kwa 11, cheni mpya. Nikaagiza Dar, Gerezani, pamoja na kikaza cheni, kile kinachoibana isilegee kwa nguvu ya oili. Ikaja na basi siku ya pili yake.

Uzuri wa injini hii ni kwamba hufungui mbele yote. Unaikata cheni ya zamani palepale juu, unaunga mpya kwenye mkia wake, na unapozungusha injini mpya inaingia huku kuukuu ikitoka upande wa pili. Tulitoa nozo zote ili injini izunguke bila kubana hewa, tukatoa kikaza, tukaziba shimo la cheni kwa matambara, ndipo grainda ikalamba vichwa vya pini. Tukawa watatu: mjukuu wake kwenye soketi, mimi nalisha mpya, mzee anapokea kuukuu, wote tumekaza mikono na cheni imefungwa kwa waya kwenye sproketi, lile gurudumu la meno la kemshafti. Springi za valvu zinaweza kuirusha kemshafti ghafla, na cheni ikiruka meno, valvu zinakutana na pistoni.

Nilichokiharibu ni kidogo ila kilinitoa jasho. Wakati wa kugonga ribiti ya kiungo cha mwisho nilikuwa nimeshatoa matambara, kijibati cha pembeni kikaniponyoka. Kling. Kimya. Mzee hakusema neno, akaenda kukaa kwenye ndoo. Nilikivua kwa sumaku ya spika mbovu niliyoifunga kwenye spoku ya baiskeli, karibu saa nzima.

Kikaza tulikitumbukiza kwanza kwenye kopo la oili na kukipampu mpaka kikawa kigumu kubonyea kwa mkono. Kikiwa na hewa ndani, hakikazi. Tukapima upya: digrii moja na kidogo. Nilipoishika ile cheni kuukuu kwa ubavu ilining'inia kama mkufu. Mpya, kabla ya kuiweka, ilikuwa imenyooka karibu kama rula.

Tukawasha. Ikawaka kwa mkupuo mmoja, ila ikagonga kama mtu anapiga nyundo kwenye debe. Nilitaka kulia. Mzee akacheka, akaonyesha pampu: ilikuwa imelazwa kuelekea injini mpaka mwisho wa nafasi ya boliti zake. Kumbe yule fundi wa gereji aliiwahisha ili kuficha ucheleweshaji wa cheni. Sasa cheni haichelewi tena, mafuta yakawa yanawahi mno. Tukaitaimisha kwa matone: unatoa valvu ya pampu ya silinda ya kwanza, unafunga kibomba kilichopinda, unazungusha injini mpaka mafuta yadondoke tone moja kwa sekunde, na hapo puli isome 24 kabla ya pistoni kufika juu. Ilituchukua majaribio matano. Kugonga kukaisha.

Malipo mzee aliyakataa, akachukua mfuko wa pumba za kuku.

Jumamosi yake niliipandisha Isyonje. Gia ya tatu mpaka juu, kioo cha nyuma safi, hakuna moshi. Karibu na kileleni Fuso tupu lililokuwa linafuata viazi likanipigia honi nimpishe. Nikampisha. Hata ikiwa nzima, bado ni 240D.